Pikipiki ya Mombasa Yakosa Pumzi Elgon View

Ukurasa huu aghalabu hushughulika na mashairi, arusi, kofia za viua na milango ya Mji wa Kale. Leo, wasomaji wapenzi, nawaomba ruhusa tupande bara hadi Eldoret, tuzungumze juu ya kabureta ya pikipiki kongwe na chujio lake la hewa. Atakayeuliza, "Kabureta na utamaduni wapi na wapi?" namsihi asilikunje gazeti mapema. Ufundi nao ni utamaduni. Jahazi twalihesabu kuwa ni urithi wetu, na mwenye kulitia kalafati akiruka ufa mmoja, maji huingia na abiria huzama. Pikipiki nayo imekaa nasi muda wa kutosha hata tukaipa jina kwa mlio wake, piki-piki-piki, wala hatukungoja mtu wa mbali atutafutie neno.

Ninalotaka kulisema ni hili. Pikipiki ya zamani inapokataa kwenda baada ya kufunguliwa na kufungwa, mara nyingi haikupata ugonjwa mpya wala haikufa kwa uzee. Kuna kitu kidogo ambacho hakikurudi, au kimerudi pasipo mahali pake. Na mara nyingi lawama hupewa kabureta, ilhali kosa li katika njia ya hewa.

MJI WA JUU, HEWA NYEPESI

Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni safari ya karibu kilomita 800 kwa barabara. Mji huo uliitwa 64 hapo zamani za walowezi, kwa namba ya shamba ulipoanzia, kabla ya kupewa jina la Eldoret. Reli iliufikia mwaka 1924, na mwezi wa Agosti mwaka 2024 ulipewa hati ya kuwa jiji. Elgon View ni mtaa wake wa nyua pana na miti mirefu, na jina lake lautaja mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, ulio upande wa kaskazini-magharibi.

Linalotuhusu sisi ni kwamba Eldoret iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 2,100. Mtu wa pwani afikapo huko kwa mara ya kwanza hupanda ngazi ya ghorofa moja akatweta kama aliyekimbizwa. Wanariadha wa nchi ile huifanyia mazoezi hewa hiyohiyo mpaka vifua vyao vikaizoea, kisha wakashuka kwenda kushindana mahali pa chini wakiwa na pumzi ya akiba.

Injini haina uwezo wa kuzoea. Ikivuta pumzi tano Eldoret, kwa uzani hupata hewa ya kiasi cha pumzi nne za Mombasa. Kibaba ni kilekile, lakini mchele ndani yake umepungua. Petroli nayo, kwa namna kabureta ilivyotengenezwa, haipungui kwa kiasi hicho. Basi chakula kimezidi na pumzi imepunguka. Pikipiki hutoa moshi mweusi, hunuka petroli, hulegea kwenye mlima na hunywa mafuta kama iliyotoka jangwani. Mwenyewe hudhani imeharibika, kumbe imehama tu.

MIRATHI YA MAGURUDUMU MAWILI

Pikipiki niliyoikuta Elgon View ni Honda CG125 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aina hii ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970. Honda waliikusudia nchi kama zetu, ambako pikipiki hubebeshwa mzigo wa punda na mafuta ya injini hayabadilishwi kwa wakati. Waliipa injini ya vyuma vichache na ya uvumilivu mwingi. Pakistani wangali wakiiunda, na viwanda vya Uchina viliiga injini yake kwa wingi, hata bodaboda nyingi tunazozipanda leo ni wajukuu zake. Kwa hiyo atakayesoma habari hii asidhani ni ya wapenzi wa vitu vya kale peke yao. Kijana anayetafuta unga wa watoto wake kwa bodaboda yamhusu zaidi.

Mwenye pikipiki ni kijana wa Mombasa aliyeajiriwa Eldoret. Ilikuwa ya marehemu babake, mwalimu wa madrasa, ambaye kila siku baada ya Adhuhuri alivuka nayo daraja la Nyali kwenda kusomesha Kisauni. Mzee alipofariki, warithi walikaa wakathamini alichokiacha. Kijana akawalipa nduguze mafungu yao katika pikipiki hiyo kama sheria inavyotaka, akaipakia kwenye lori, akapanda nayo bara. Hapana aliyemlazimisha. Alitaka asubuhi awe anausikia mlio aliokuwa akiusikia utotoni.

Mlio aliousikia Eldoret haukuwa huo. Pikipiki ilikohoa na kutoa moshi mweusi. Fundi wa kwanza alisema, "Haipati hewa," akalitoa chujio akalitupa. Pikipiki ikachangamka siku chache, na kila mtu akamsifu. Ulipofika ukame na vumbi la barabara za udongo, ikaanza kuzima njiani. Fundi wa pili akaifungua kabureta, akaiosha, akaifunga. Tangu siku hiyo ikawa na vituko vipya. Ilipowashwa ilinguruma kwa kasi bila ya mtu kuvuta mafuta. Ilipoachiwa kwenye mteremko ilitoa milio ya fataki katika bomba la moshi. Ilipata joto la kuunguza, na asubuhi ya baridi ilipigwa kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Fundi wa tatu hakuifungua. Alishauri iuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Fundi wa nne ni mzee mmoja mwenye kibanda pembeni mwa mtaa ule. Kijana alimwambia, "Mzee wangu, kabureta imeoza, nimeshauriwa ninunue mpya." Mzee hakushika spana. Alimjibu, "Kijana, kabureta haiozi kama samaki. Niambie kwanza, aliyefungua mara ya mwisho alitoa nini, na chujio liko wapi?"

Katika swali hilo kulikuwa na nusu ya dawa.

MIZANI YA HEWA NA MAFUTA

Ili tulifahamu swali la mzee, yatupasa kujua kabureta inafanya kazi gani. Si kitu cha ajabu. Chini yake pana bakuli dogo la petroli, na ndani ya bakuli mnaelea boya. Petroli ikijaa, boya hupanda likasukuma kisindano kinachoziba mlango wa mafuta. Ikipungua, boya hushuka na mlango ukafunguka. Aliyewahi kuchungulia tangi la maji la msikiti ameuona mfano wake, lile boya linalofunga mfereji wenyewe maji yakijaa. Hila hii ni ya kale. Katika karne ya tisa, ndugu watatu wa Baghdad waitwao Banu Musa waliandika juu ya vyombo vya namna hiyo, na Al-Jazari, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1206, alieleza saa za maji zilizotumia boya ili maji yatiririke kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo Muislamu anayeshika boya la kabureta ameshika jambo ambalo wazee wake walilifanyia kazi.

Juu ya bakuli lipo koo la kupitishia hewa, pana mwanzo, jembamba katikati. Hewa ikipita penye wembamba huongeza mwendo, na msukumo wake hupungua. Mtaliana Giovanni Battista Venturi, aliyefariki mwaka 1822, ndiye ambaye jina lake limebakia katika koo hilo. Kwa kupungua msukumo, petroli huvutwa kutoka bakulini, ikapita katika vitundu vya shaba ambavyo mafundi huviita jeti, ikatawanyika hewani kama ukungu wa marashi. Jeti ndogo hulisha injini inaponguruma taratibu. Jeti kubwa huilisha inapokwenda kasi. Baina ya hizo mbili kuna sindano ndefu iliyochongoka, inayopanda na kushuka pamoja na kizibo cha koo kila dereva anapokaza au kulegeza mkono.

Kipimo kizuri ni karibu uzani 15 wa hewa kwa uzani mmoja wa petroli. Sisi tunaoshughulika na tungo twalifahamu jambo hili upesi. Katika mshororo wa mizani 16, ukiongeza silabi moja, hata msikilizaji asiyejua kanuni hukunja uso. Ukipunguza moja, wimbo huchechemea. Petroli ikizidi, pikipiki hulewa. Ikipunguka, huungua. Na kuungua ndiko kubaya zaidi, kwani moshi mweusi huharibu plagi tu, lakini joto la kukosa mafuta huweza kutoboa pistoni.

CHUJIO NI SEHEMU YA KIPIMO

Watu wengi hudhani kuwa chujio ni kama kitambaa cha pua, ukitaka ulivae na usipotaka uliache. Sivyo. Aliyeipimia pikipiki jeti zake kiwandani aliipima chujio likiwa ndani, boksi lake limefungwa, na mpira wa kuliunganisha na kabureta umekaa sawasawa. Uzito wa kuvuta hewa kupitia chujio umehesabiwa katika kipimo. Ukilitoa, hewa huingia kwa wepesi kuliko ilivyokusudiwa na mizani yavunjika.

Sasa twaweza kuelewa kwa nini fundi wa kwanza alisifiwa. Pikipiki ilikuwa imezidiwa na mafuta kwa sababu ya hewa nyepesi ya Eldoret. Alipolitoa chujio, hewa iliongezeka, kosa moja likafunikwa na kosa jingine. Lakini alifungua mlango kwa vumbi. Vumbi la bara ni mchanga mwembamba, na likichanganyika na mafuta ya injini hugeuka kuwa msasa. Hulamba ukuta wa silinda na pete za pistoni mpaka injini ianze kutoa moshi wa buluu. Hapo tena si kazi ya jeti wala chujio, ni kazi ya kuchonga silinda na kununua pistoni, nayo ni gharama ya kumtia mtu deni.

Kuna na wanaokosea kwa upande wa pili. Chujio la sponji huoshwa, hukaushwa, hutiwa mafuta kidogo, kisha hukamuliwa mpaka lisidondoshe. Wengine hulirudisha likichuruzika, na pikipiki ikakosa pumzi kana kwamba imezibwa mdomo. Chujio la karatasi nalo halioshwi kwa petroli wala kutiwa mafuta. Hupigwapigwa taratibu likatoka vumbi, na likichakaa hubadilishwa.

KUFUNGA KWA MPANGO

Chuoni walimu wetu walitufundisha kuwa dhulma maana yake ni kuweka kitu pasipo mahali pake, na uadilifu ni kukiweka mahali pake. Tulidhani ni maneno ya makadhi na wafalme. Kumbe yamfaa pia mtu aliyeketi juu ya kigoda na bakuli la skrubu mbele yake. Nimeuangalia mpango wa mzee yule wa Elgon View, nikaulinganisha na wanayoyasema mafundi wetu wa Mombasa, nao ni mmoja. Nauandika kwa wenye kutaka kujifungia wenyewe.

Kwanza, funga mafuta kwenye tangi, kaa mahali penye hewa, na pasiwe na sigara wala jiko karibu. Tandika kitambaa cheupe, na kila unachokitoa kiweke kwa safu kama kilivyofuatana. Kitambaa cheupe kina faida yake, kwani pete nyembamba ya mpira ikianguka juu ya sakafu ya saruji haionekani tena.

Pili, kabla ya kuitoa skrubu ya hewa, ikaze polepole mpaka iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike. Wakati wa kurudisha, igusishe mwisho bila ya nguvu, uifungue kwa hesabu ileile. Ikiwa hesabu imepotea, pikipiki nyingi huanzia karibu na mzunguko mmoja na nusu. Ikiwa skrubu iko upande wa chujio, huongoza hewa, na kuifungua ni kupunguza mafuta. Ikiwa iko upande wa injini, huongoza mafuta, na kuifungua ni kuyazidisha. Wengi hukorogeka hapo.

Tatu, jeti zisafishwe kwa petroli na upepo wa pampu. Usichokore kwa waya wa chuma. Kitundu cha jeti kimepimwa kwa sehemu ndogo mno za milimita, na waya ukikipanua, namba iliyochongwa kichwani mwake huwa uongo. Inua jeti uitazame dhidi ya jua. Ukiona duara kamili la mwangaza, imetakata.

Nne, boya. Litikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani yake limetoboka na halitaelea. Kitazame kisindano chake. Kikiwa na alama ya mkwaruzo wa duara nchani hakitaziba vyema, na petroli itamwagika nje au iingie ndani ya injini.

Tano, kizibo cha koo, nacho ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote. Upande wake mmoja umekatwa mshazari, na mkato huo hutazama upande wa chujio. Ubavuni mwake mna mfereji wa kuelekezea, na sharti uingie penye ulimi wake. Kikigeuzwa, injini hunguruma kwa kasi au kizibo hukwama kikiwa wazi. Fikiria mtu anateremka mlima, mbele yake pana lori, akaachia mkono na pikipiki isipunguze mwendo. Kwa hiyo, kabla ya kupiga kiki, vuta mkono wa mafuta uuachie. Usikie kizibo kikianguka "tak!" wenyewe. Geuza usukani kulia na kushoto, ufanye tena. Usipousikia mlio huo, usiwashe.

Sita, klipu ya sindano. Juu ya sindano mna mifereji midogo, na klipu hukaa katika mmojawapo. Ukiipandisha klipu, sindano hushuka na mafuta hupungua. Ukiishusha klipu, sindano hupanda na mafuta huzidi. Andika ilikuwa katika mfereji wa ngapi.

Saba, mahali kabureta inapokutana na injini. Hapo hukaa kipande kinene kinachozuia joto, pamoja na pete ya mpira au gasketi. Vitu hivi havionekani vikishafungwa, ndiyo maana husahauliwa. Pete ikikosekana au ikikauka, hewa huingia baada ya kabureta, hewa isiyopimwa. Dalili zake ni zile za kijana wetu: mngurumo wa kasi usioshikika, fataki kwenye mteremko, joto jingi, na ugumu wa kuwaka asubuhi. Ili kujua, washa injini, unyunyize maji ya sabuni kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, hapo ndipo penye tundu. Wengine hunyunyiza petroli, nami nasema huko ni kucheza na moto.

Nane na mwisho, mpira wa kuunganisha kabureta na boksi la chujio. Utazame wote kwa kuukunja, kwani nyufa hujificha kwenye mikunjo. Hakikisha mdomo wake umemeza kabureta pande zote, hata ule upande wa chini usioonekana, ndipo ukaze pete yake. Chujio likae katika kitako chake, kifuniko kifungwe, na vibomba vidogo vya kupumulia visikunjwe wala visizibwe. Hata kifuniko cha tangi kina kitundu cha kupumulia. Kikiziba, pikipiki huenda mwendo kidogo ikazima, kisha ikawaka tena ukifungua kifuniko, nawe ukamshuku shetani.

PLAGI HAISEMI UONGO

Baada ya kufunga, endesha mwendo wa kutosha injini ipate moto, uzime, ufungue plagi. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi au hewa imezibwa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi, na usiendelee kuiendesha mpaka ujue inaingilia wapi. Ikiwa na rangi ya haluwa, mshukuru Mungu ufunge kazi.

Na jambo moja lisisahauliwe. Badilisha kitu kimoja tu, ujaribu, ndipo uende kwa kingine. Anayebadilisha jeti, sindano na skrubu kwa pamoja, pikipiki ikipona hajui dawa ni ipi, na ikizidi kuugua hajui sumu ni ipi.

KILICHOPATIKANA

Mzee wa Elgon View alikuta mambo matatu. Chujio halikuwepo. Pete ya mpira baina ya kabureta na injini haikurudishwa na fundi wa pili. Na mpira wa boksi la hewa ulikuwa umepasuka chini, mahali ambapo jicho halifiki. Kabureta yenyewe, ile iliyohukumiwa kuoza, ilikuwa nzima.

Alitia pete mpya, mpira mwingine na chujio. Pikipiki ikaacha kupiga fataki, na ule moshi mweusi wa siku ya kwanza ukarudi. Kijana alikata tamaa, lakini mzee alitabasamu, kwani sasa alikuwa amebakiwa na ugonjwa mmoja tu, ule uliotoka Mombasa. Akaiondoa jeti kubwa akatia yenye namba ndogo zaidi, na klipu ya sindano akaipandisha mfereji mmoja. Plagi ikatoka na rangi ya haluwa.

Je, nguvu za Mombasa zilirudi zote? Hazikurudi, wala haziwezi kurudi. Hewa ya Eldoret haikuongezeka, na hakuna fundi awezaye kuiongeza kwa bisibisi. Lakini pikipiki yapanda mlima, yawaka asubuhi yenye baridi kwa kuvutwa choki kidogo, na hainywi mafuta ya bure. Ile jeti ya zamani kijana aliambiwa asiitupe. Ameifunga katika kitambaa akaiweka kwenye boksi la spana, kwa sababu siku atakayoishusha pikipiki pwani ni lazima irudishwe, na klipu ishushwe ilipokuwa. Akiisahau, hewa nzito ya bahari itakutana na mafuta machache, na pistoni iliyomvumilia babake miaka yote hiyo itaungua njiani.

AMANA YA GEREJI

Nilipokaa pale kibandani nilisikiliza maneno: plagi, jeti, klipu, gasketi, choki. Yote yamekuja na meli, na yote yamevishwa nguo za Kiswahili yakakaa. Boya na sindano tulikuwa nayo tayari. Tuliyachukua kutoka kwa mvuvi na mshonaji tukayapa kazi mpya. Ufundi hufanya lugha ikue, na fundi anapokufa bila ya kumfundisha mwanafunzi, hufa na maneno yake.

Siku hizi zipo pikipiki mpya zinazopulizia petroli kwa kompyuta, na zipo za umeme zisizo na kabureta wala plagi. Heri kwa wenye nazo. Lakini kabureta bado zinaendesha riziki ya maelfu ya vijana kutoka Lamu hadi Busia, na wengi wao wanaambiwa "nunua mpya" na watu wasiouliza swali hata moja.

Chombo cha mteja ni amana. Pete ya mpira isiyozidi upana wa kidole ni amana vilevile, hata kama mwenyewe haijui wala hataiona ikikosekana. Fundi anayeirudisha mahali pake wakati hapana anayemtazama ameshuhudiwa na Asiyesahau. Nawe mwenye chombo, kabla hujaiuza mirathi ya babako kwa kilo, muulize aliyeifungua mara ya mwisho alitoa nini, na chujio liko wapi.

Wabillahi tawfiq.